Nilikwenda Trossingen Kutafuta Cheti

Msomaji mpenzi, huenda nawe unacho kinanda cha mdomo nyumbani kwako. Pengine kimelala kabatini, au katika mfuko wa koti la marehemu babu, matundu yake yamejaa vumbi na makombo ya tumbaku. Wengine hukiita hamonika. Watoto hukipuliza siku ya Krismasi, mama huwaambia waache kelele, nacho hurudishwa mahali pake mpaka mwaka mwingine. Leo nataka nikupeleke mpaka mji wanakotengeneza vinanda hivyo, nikueleze jinsi nilivyokwenda huko kutafuta karatasi moja, na jinsi nilivyorudi.

Kwanza nikwambie sababu. Mimi ni karani wa parokia. Nilisoma chuo cha ualimu, nikapata cheti cha kufundisha shule ya msingi. Nafasi ya kazi haikupatikana upesi, basi Padre akanipa ofisi: kuandika vitabu vya ubatizo na vya ndoa, kupokea zaka, kupiga mihuri. Jumamosi alasiri, ofisi ikiisha kufungwa, niliwafundisha watoto kumi na wawili kinanda cha mdomo chini ya mwembe. Kazi hiyo niliijua tangu utoto. Babu yangu alipokuwa kijana alipewa kinanda kimoja na Bruda wa karakana ya useremala, naye alinifundisha bila maneno mengi: yeye alipiga, mimi nikatazama, kisha nikaiga.

Kati ya watoto wale kumi na wawili alikuwamo binti mmoja wa darasa la tatu. Kila alipopanda ngazi ya do, re, mi, alikwenda vizuri kabisa, halafu karibu na mwisho sauti zilivurugika. Nilimwambia arudie. Akarudia, zikavurugika palepale. Jumamosi ya nne uvumilivu uliniisha, nikasema mbele ya wenzake: "Wewe huna sikio la muziki." Mtoto akaweka kinanda juu ya benchi, taratibu, akaenda zake. Hakurudi tena.

Jumapili iliyofuata, baada ya Misa, nilimkuta baba yake amesimama mlangoni pa ofisi. Hakupaza sauti. Aliniuliza neno moja tu: "Mwalimu, nani aliyekupa ruhusa ya kumwambia mtoto wangu kwamba hana sikio?"

Sikuwa na jibu, ndugu msomaji. Cheti cha kufundisha hesabu na Kiswahili ninacho. Lakini katika kinanda hakuna mtu aliyewahi kunipima wala kunipa ruhusa. Swali lile lilinikaa kooni kama mwiba wa samaki.

Mwaka 2018 parokia rafiki ya huko Ujerumani, katika nchi ya Württemberg, ilialika watu watano wa parokia yetu kwa majuma matatu. Nami nilikuwa mmoja wao. Nikafunga kinanda cha babu katika kitambaa, nikakitia mfukoni. Juu ya bati lake yamepigwa maneno "M. Hohner". Tulipofika huko niliuliza, huyu Hohner kwao ni wapi? Wakanijibu: Trossingen, safari ya muda mfupi tu kutoka hapa. Moyo ukanidunda. Nikawaza: kama iko karatasi duniani inayomruhusu mtu kufundisha kinanda hiki, basi itapatikana huko.

Nilipata mwenzangu wa njia mwema sana. Alikuwa Bruda mmoja mzee aliyefanya kazi ya useremala Peramiho kwa miaka mingi, naye wakati huo alikuwa mapumzikoni kwa dada yake. Kiswahili chake ni cha Wangoni hasa. Tulipanda treni kutoka Rottweil, mji wa kale wenye minara. Treni ikapita katika uwanda wa juu unaoitwa Baar. Upande mmoja uko Msitu Mweusi, na upande wa pili milima ya Schwaben. Mashamba yalikuwa yamekwisha kuvunwa, na matofaa mekundu yalikuwa yamelala chini ya miti. Trossingen iko kwenye mwinuko wa mita 700 hivi. Kwetu Songea ni juu zaidi, kupita mita 1,000, lakini upepo wa Oktoba wa huko ulinifanya nishike kofia yangu kwa mikono miwili.

Bruda alinionyesha kwa kidole upande wa mashariki. "Huko, katika bonde la mto Donau, iko abasia ya Beuron," akasema. "Padre Andreas Amrhein, aliyeanzisha shirika letu mwaka 1884, alikuwa mmonaki wa Beuron. Basi unaona, kijana, habari ya Peramiho ilianzia karibu na hapa." Nikastaajabu. Nilidhani nimekuja ugenini, kumbe niko karibu na shina la mti ambao matunda yake nimekula tangu ubatizo.

Reli kubwa haifiki mjini Trossingen. Hupita mbali, umbali wa kilomita nne hivi. Zamani watu wa Trossingen waliona mji wao utaachwa nyuma, basi wakajenga reli yao ndogo ya kuunganisha, nayo tangu mwanzo ilikwenda kwa umeme. Ilifunguliwa mwaka 1898. Bruda akacheka, akasema: "Mwaka huohuo Padre Cassian Spiss alifungua misioni ya Peramiho."

Sasa nikueleze mji wenyewe. Si mkubwa, wakazi wake hawafiki elfu ishirini. Barabara ni safi, nyumba zimepangwa vizuri, na katikati yamesimama majengo makubwa ya zamani ya kiwanda, madirisha mengi kama shule ya bweni. Zamani hapa palikuwa kijiji cha wakulima na wafumaji wa nguo, na ardhi haikuwashibisha. Mfumaji mmoja, Christian Messner, ndiye aliyeanza kutengeneza vinanda vya mdomo hapo kijijini, yapata miaka 30 kabla ya Hohner. Matthias Hohner alizaliwa mwaka 1833, naye kazi yake ilikuwa kutengeneza saa. Husimuliwa kwamba alikwenda mara kwa mara karakanani kwa watu wa Messner akitazama kwa jicho la fundi, mpaka siku moja wakatambua nia yake, wakamfukuza. Lakini alikuwa amekwisha kuona ya kutosha. Mwaka 1857 alianza kazi yake mwenyewe, akisaidiwa na mkewe na watu wachache, na mwaka ule wa kwanza wakatengeneza vinanda 650. Alipofariki mwaka 1902, kiwanda chake kilikuwa kikitengeneza mamilioni kwa mwaka, na vingi vilivuka bahari kwenda Marekani.

Usidhani vyote vilitengenezwa kiwandani. Kazi nyingi ilipelekwa majumbani. Wanawake walikaa mezani usiku wakipiga tupa ndimi ndogo za shaba, na watoto waliwasaidia baada ya shule. Katika makumbusho ya vinanda, yaliyo ndani ya jengo moja la kiwanda cha zamani, nilisimama muda mrefu nikitazama vinanda vilivyopangwa kwa maelfu. Vingine ni vidogo kama kidole gumba, vingine virefu kama mkono. Macho yangu yalitafuta kimoja tu. Nilikiona: aina ya Marine Band, iliyoanza kuuzwa mwaka 1896, ndugu wa kinanda cha babu. Nikatoa changu mfukoni, nikavilinganisha kupitia kioo. Bruda akageuka upande, akajifanya anasoma kibao ukutani.

Hapo nikamwuliza mlinzi wa makumbusho, Bruda akitafsiri, habari ya ile karatasi. Nataka kuwa mwalimu wa kinanda cha mdomo mwenye ruhusa. Nifanyeje?

Kwanza ilibidi nifundishwe jambo moja la lugha. Kwa Kijerumani, neno "Harmonika" hubeba vyombo viwili, kinanda cha mdomo na kile cha mkononi kinachovutwa kama mvukuto, yaani akodioni. Zamani wanamuziki wakubwa walividharau vyote viwili, wakisema ni vitu vya kuchezea. Watu wa Trossingen walitambua kwamba chombo kisicho na walimu hubaki kuwa kitu cha kuchezea daima. Basi mwaka 1931 kikaundwa chama cha Ujerumani nzima cha wapigaji wa vyombo hivyo, na makao yake yako mjini hapo. Shule ya kuwafunza walimu nayo ikaanzishwa miaka hiyo, na mwaka 1935 mtungaji wa muziki Hugo Herrmann akawa mkuu wa shule ya muziki ya mji. Miaka hiyo ilikuwa ya utawala mbaya wa Hitler, na vita ikafuata. Lakini mbegu ile haikufa. Leo mji huu mdogo una chuo kikuu cha muziki, na tangu mwaka 1973 una pia akademia ambako viongozi wa muziki wa vijana huja kwa kozi. Walimu wa akodioni ni wengi. Wa kinanda cha mdomo ni wachache, na kila mmoja hufika kwa njia ndefu.

"Lakini kama unataka kujua maana yake," mlinzi yule akasema, "yuko mama mmoja mzee hapa mjini aliyefundisha vyombo vyote viwili maisha yake yote. Nitampigia simu."

Alasiri ileile tulikuwa sebuleni kwa mama huyo. Tulipewa kahawa na keki ya matofaa. Umri wake ulipita miaka 80, mgongo umeinama kidogo, lakini vidole vilikuwa vyepesi. Aliniambia nipige. Nikapiga kwa kinanda cha babu wimbo wa kwetu wa mavuno, nikatia madaha yote niliyoyajua. Alitikisa kichwa kwa furaha, akasema napiga vizuri. Mimi nikajiona nimekwisha kufaulu.

Kisha akanieleza mtihani alioufanya ujanani mwake. Ulikuwa na sehemu nne. Ya kwanza, kupiga mwenyewe. Ya pili, kusoma noti na kutambua sauti kwa sikio. Ya tatu, kukijua chombo chenyewe: kimejengwaje, hutoaje sauti, huharibikaje. Na ya nne, kufundisha mtoto usiyemjua mbele ya watahini. "Sehemu hiyo ya nne," akasema, "ndiyo iliyoniangusha mara ya kwanza."

Msomaji mpenzi, hapo nilitabasamu. Nilikumbuka mazoezi ya kufundisha ya chuoni kwetu, mkufunzi ameketi nyuma ya darasa na daftari lake. Nikasema, jambo hilo nalifahamu. Yule mama akainuka, akafungua dirisha, akaita. Akaja kijana wa jirani, umri wa miaka minane hivi, magoti yana matope. Akampa kinanda cha matundu kumi, akaniambia: "Haya, Mwalimu. Mfundishe kupanda ngazi, kutoka do mpaka do."

Nikaanza. Bruda alitafsiri, na kijana alikuwa mwepesi. Tulianzia tundu la nne. Ukilipuliza hutoa do; ukivuta pumzi kwa ndani hutoa re. Tundu la tano, ukipuliza ni mi, ukivuta ni fa. Tundu la sita, ukipuliza ni so, ukivuta ni la. Puliza, vuta; puliza, vuta; puliza, vuta. Kijana akafika tundu la saba, akapuliza, akavuta. Sauti zikavurugika.

Nikasema: "Rudia." Akarudia, zikavurugika palepale. Nikasema tena: "Rudia." Mara ya tatu kijana aliniangalia, macho yakaanza kulowa. Nikayatambua macho yale. Niliyaona chini ya mwembe wetu.

Yule mama akainua mkono. Akasema kwa upole: "Umemwambia arudie mara tatu. Umemwambia abadilishe nini?"

Nikanyamaza. Jasho likanitoka katika baridi ile. Vidole vyangu na pumzi yangu vilijua la kufanya kwenye tundu la saba, maana hupita hapo kila siku. Lakini mimi mwenyewe sikujua wanafanya nini! Nilijaribu kupiga polepole ili nijitazame, nami nikakosea.

Akachukua karatasi, akachora visanduku kumi, akatueleza, mimi na kijana, tukiwa tumeketi pamoja kama wanafunzi wawili. Kila tundu lina ndimi mbili za shaba. Mmoja hutetemeka ukipuliza, mwingine ukivuta. Fundi wa zamani aliyepanga sauti hizi alitaka ukipuliza matundu mengi kwa pamoja yapatane. Kwa hiyo katika kupuliza aliweka sauti tatu tu, do, mi na so, zikirudiwa mpaka mwisho. Sauti nne zilizobaki, re, fa, la na ti, akaziweka katika kuvuta. Sasa fikiri: watu watatu na watu wanne wakitembea wawili wawili, mmoja hukosa mwenzake. Yule asiye na mwenzake ni ti, naye huangukia tundu la saba pamoja na do ya juu. Basi kwenye tundu la saba mpango hugeuka: unavuta kwanza ndipo upulize. Na kutoka hapo kwenda juu huwa hivyohivyo, kuvuta kwanza, kupuliza baadaye. Matundu matatu ya kwanza nayo yana mambo yake; ukipuliza na kuvuta kwa kawaida hutapata humo fa wala la, na ndiyo maana hatukuanzia hapo.

"Mtoto mwenye sikio baya," akasema yule mama, "huharibu kila mahali. Mtoto anayeharibu mahali pamoja tu, kila mara palepale, sikio lake ni zima. Amefuata vizuri sheria uliyompa. Sheria yako ndiyo iliyokwisha kabla ya ngazi kwisha."

Akamwambia kijana asimame kwenye ngazi za nyumba, apande akihesabu: puliza, vuta, puliza, vuta, puliza, vuta, na kwenye daraja la saba abadilishe mguu. Kijana akapanda mara mbili akicheka. Kisha akachukua kinanda, akapanda ngazi ya sauti kutoka do mpaka do bila kosa. Akakimbia nje kuwaonyesha wenzake.

Nikamsimulia yule mama habari za binti wa darasa la tatu. Sikuficha neno. Alinisikiliza mpaka mwisho, akanijazia kikombe kahawa tena. Kisha akasema: "Cheti sina mamlaka ya kukupa. Lakini najua somo lako la kwanza ni nyumbani kwa nani."

Hivyo ndivyo nilivyoondoka Trossingen bila cheti. Katika treni Bruda hakusema mengi. Tulipofika Rottweil aliniambia tu: "Hata mimi, kijana, nilimwambia mwanafunzi mmoja Peramiho kwamba hana mkono wa useremala. Sijui yuko wapi sasa." Akatazama dirishani mpaka tuliposhuka.

Niliporudi nyumbani sikungoja Jumapili. Nilikwenda jioni ya siku ya pili, nikabisha hodi. Baba alinikaribisha, akanipa kigoda. Nikamwambia: "Mzee, uliniuliza nani alinipa ruhusa. Hakuna aliyenipa. Mtoto wako sikio lake ni zima. Mimi ndiye sikujua." Kisha nikamwomba msamaha yeye, na mtoto mwenyewe mbele ya mama yake. Yule binti alikuwa akichambua maharagwe. Akaniuliza bila kuinua uso: "Kwani kuna nini pale?" Nikachora visanduku kumi mavumbini kwa kijiti, nikamwonyesha cha saba. Akakitazama kitambo, akasema: "Ungeniambia." Jumamosi baba yake alimleta mwenyewe, akaketi benchi la nyuma mpaka somo lilipokwisha.

Sasa, wazazi na walezi mnaosoma, niwaachie mashauri machache. Mkitaka kumtia mtoto kwa mwalimu wa muziki, awe wa kinanda cha mdomo, gitaa au kwaya, msitosheke kumsikia mwalimu akipiga. Mwulizeni: mtoto akikosea palepale kila siku, utafanyaje? Akijibu "atarudia", ulizeni tena. Kama ana cheti, ni jambo jema, maana maana yake wako watu waliomtazama akifundisha kabla ya kukabidhiwa watoto wa wenzake. Kama hana, mkae naye siku moja mtazame wenyewe.

Kila mtoto awe na kinanda chake, wala wasipokezane. Mate hubeba magonjwa. Baada ya kupiga, akigonge taratibu kiganjani ili unyevu utoke, akifute, akiache kikauke. Na kabla ya kupiga asukutue kinywa, asiwe na miwa wala karanga mdomoni, kwani chembe moja hunyamazisha ulimi mmoja, na ulimi mmoja ukinyamaza wimbo mzima hulemaa.

Mimi mwenyewe bado naitaka ile karatasi. Najifunza noti usiku, na sehemu tatu za mtihani ule nazitayarisha polepole. Ile ya nne naifanya kila Jumamosi chini ya mwembe, mbele ya watahini kumi na wawili wenye macho makali, na mmoja wao hukaa mstari wa mbele.